Mfalme wa Majini Si Mfalme wa Mashetani: Kisimani, Maimuni na Msomaji wa Kampala

Ikisiri

Makala hii inamchunguza mhusika mdogo wa riwaya ya Shaaban Robert, Adili na Nduguze (1952). Mhusika huyo ni Kisimani, mfalme wa majini. Anawekwa kando ya wafalme saba wa majini wa vitabu vya falaki vya Kiarabu, na kando ya wafalme wa pepo wa vitabu vya uganga vya Ulaya ambao kwa sehemu walitokana nao. Hoja kuu ni kwamba cheo cha ufalme kina maana tofauti katika mapokeo hayo mawili, na kwamba kumsoma Kisimani kwa kipimo cha Ulaya kunaiharibu riwaya. Jambo hili lina uzito wa pekee nchini Uganda, ambako Kiswahili kimeingizwa madarasani kwa nguvu mpya huku msamiati wake wa viumbe wasioonekana ukitiliwa shaka.

1. Utangulizi

Kilima cha Old Kampala si kirefu, lakini kimebeba mengi. Desemba 1890 Frederick Lugard alijenga ngome yake hapo kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza iliyotafuta mamlaka katika Buganda. Mwaka uliofuata akaleta askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki nyuma ya Emin Pasha, wengi wao Waislamu. Leo juu ya kilima hicho umesimama Msikiti wa Taifa, uliofunguliwa mwaka 2008, na makao ya Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda. Kiswahili kilikuwa kimefika katika nchi hii kabla ya ngome. Kililetwa na wafanyabiashara wa Unguja waliofika ikulu ya Buganda tangu enzi za Kabaka Suuna. Baadaye kikatumiwa na wamisionari. Alexander Mackay, aliyewasili mwaka 1878, aliwasomea watu wa ikulu ya Mutesa Maandiko ya Kiswahili kabla ya kuwapo yaliyochapishwa kwa Kiganda.

Pamoja na lugha yalikuja maneno, na mojawapo ni jini. Kiganda kimelipokea kikalifanya lake: amajjini. Ila neno hilo halikubeba kila kitu lililokuwa nacho pwani. Katika mazungumzo ya kila siku ya Kampala, na zaidi katika mahubiri ya makanisa ya uamsho, amajjini ni viumbe waovu waliotumwa kutoka pwani kuharibu biashara na ndoa za watu. Jini mwema hana nafasi katika maneno hayo. Jini mwenye dini ndiye asiyetajika kabisa.

Niliutambua uzito wa jambo hili darasani. Tulikuwa tukisoma Adili na Nduguze, na tulipofika mahali Huria anapojitambulisha kuwa binti wa mfalme wa majini, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, baba yake ndiye Lusifa?" Hakuna aliyecheka. Nilimjibu kwamba siye, tukaendelea. Jibu langu lilikuwa sahihi lakini halikutosha, na makala hii ni jaribio la kulikamilisha.

2. Wafalme wa siku saba

Katika mapokeo ya Kiislamu, majini ni umma kama binadamu walivyo umma. Wanazaliwa na kufa, wanaoa na kuolewa, na wapo walioamini na waliokufuru. Qur'ani ina sura nzima iitwayo kwa jina lao, ambamo kundi la majini linaisikiliza Qur'ani na kuiamini. Mahali pengine wanatajwa wakifanya kazi chini ya amri ya Nabii Suleimani. Kwa hiyo kuwa na mfalme kwa majini si ajabu: umma wowote huwa na watawala. Iblisi ana habari yake mbali, na mfalme wa majini si lazima awe mtumishi wake.

Vitabu vya falaki na hirizi, hasa vile vilivyofungamanishwa na jina la Ahmad al-Buni, aliyefariki katika karne ya 13, viliupa umma huo mpangilio. Kila siku ya juma ina sayari yake, malaika wake na mfalme wake wa majini. Jumanne ni ya al-Ahmar, yaani Mwekundu, chini ya Mirihi. Alhamisi ni ya Shamhurish, ambaye katika nchi za Afrika Kaskazini hutajwa hata kuwa kadhi wa majini. Jumamosi ni ya Maimun, chini ya Zohali. Kitabu cha picha kiitwacho Kitab al-Bulhan, kilichohifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford, kina picha za baadhi ya wafalme hao pamoja na wasaidizi wao.

Pwani ya Waswahili mapokeo haya hayakubaki vitabuni. Mganga wa kitabu, tofauti na mganga wa pepo, hufanya kazi kwa nyota, kwa saa za siku na kwa maandishi. Huandika kombe kwa zafarani, likaoshwa na kunywewa, au huandika hirizi ikafungwa mkononi. Buhuri huchaguliwa kwa kufuata siku, kwa kuwa siku ina mwenyewe. Katika kazi hiyo mfalme wa majini hutajwa kama mwenye mamlaka ya mahali anavyotajwa katika barua ya maombi: kwa jina, kwa cheo na kwa kukumbushwa ahadi aliyompa Suleimani. Wanazuoni wengi wa pwani waliyakemea mambo haya kuwa ni ushirikina au karibu yake, na ukemeaji huo ni sehemu ya mapokeo hayohayo. Hata hivyo, anayekemea na anayeandika hirizi wanakubaliana juu ya jambo moja: mfalme wa majini amefungwa na sheria.

Upande wa pili ni ngoma ya pepo. Farouk Topan, katika utafiti wake kuhusu nyimbo za pepo Mombasa, ameonyesha jinsi pepo wanavyopewa majina, lugha na matakwa, na jinsi aliyepandwa anavyokuwa kiti chao. Pepo hapo huulizwa anataka nini, akapewa, mkataba ukafungwa. Lengo la fundi ni kukaa naye kwa amani kwa kuwa ana kabila na adabu zake. Kumfukuza ni jambo la nadra kuliko asiyeijua ngoma anavyodhani. Mhubiri wa Kampala angesema hii ni kufanya mapatano na adui. Fundi angejibu kwamba mgeni mwenye hasira hutulizwa kwanza.

3. Maimun anapovuka bahari

Katika karne za kati, vitabu vya Kiarabu vya nyota na hirizi vilifasiriwa kwa Kilatini, na pamoja navyo yalivuka majina. Kitabu kiitwacho Heptameron, kinachonasibishwa na tabibu Pietro d'Abano na kilichochapishwa katika karne ya 16, kina mpangilio wa siku saba, kila siku na malaika wake na mfalme wake wa roho za anga. Mfalme wa Jumamosi anaitwa Maymon. Siku ni ileile, sayari ni ileile, jina ni lilelile. Hapa hatuhitaji kukisia, kwa maana Maimun wa waganga wa kitabu amefika Ulaya na cheo chake, na hata zamu yake haikubadilishwa.

Kilichobadilika ni serikali anayoitumikia. Mwaka 1577 tabibu Johann Weyer aliambatisha kwenye kitabu chake orodha ya pepo 69 pamoja na vyeo vyao, akaiita ufalme wa uongo wa mashetani. Weyer alipinga kuteswa kwa wanawake waliotuhumiwa uchawi, na orodha ile aliitoa ili kuufedhehesha upuuzi wa wenye kuita pepo. Reginald Scot aliifasiri kwa Kiingereza mwaka 1584 kwa nia kama hiyo. Wasomaji hawakujali nia. Katika karne ya 17 orodha hiyo, ikiwa imepanuliwa kufikia pepo 72, iliingia katika kitabu kinachonasibishwa na Suleimani, sehemu iitwayo Goetia, ikawa mwongozo wa kazi ileile aliyoidhihaki Weyer. Toleo la 1904 lililotolewa na Aleister Crowley kutokana na kazi ya Samuel Mathers ndilo lililoisambaza duniani.

Katika Goetia wapo wafalme tisa. Anayejulikana zaidi leo ni Paimon, hasa baada ya filamu ya Hereditary ya Ari Aster ya mwaka 2018, inayomalizika kwa kuvikwa kwake taji. Kitabu kinamweleza kuwa mwenye taji, amepanda ngamia, ametanguliwa na wapiga tarumbeta, ana majeshi 200, na ni mtiifu mno kwa Lusifa. Wapo wanaosema kwamba Paimon na Maimun ni jina moja. Ngamia anashawishi, lakini mimi sikubali kuijenga hoja juu ya mgongo wake. Mfano wa Maymon wa Jumamosi unatosha.

Mwingine ni Asmoday. Katika kitabu cha Tobiti, ambacho Wakatoliki wanacho katika Biblia yao ya Kiswahili, huyu ni pepo anayewaua waume wa msichana mmoja, wala hatajwi kuwa mfalme. Katika Talmudi anaitwa Ashmedai na ndiye mfalme wa pepo. Anakamatwa ili asaidie ujenzi wa Hekalu, kisha anamtoa Suleimani katika kiti chake. Wafasiri wa Qur'ani nao wana masimulizi ya jini Sakhr aliyeitwaa pete ya Suleimani. Kisa ni kimoja kilichotembea katika dini tatu. Kilipofika katika Goetia, Asmoday alikuwa na vichwa vitatu na majeshi 72, na hakuwa tena na mjadala wowote na Suleimani. Amebaki wa kuitwa ndani ya mstari uliochorwa sakafuni na kuamriwa.

Hapa ndipo ninapoiona tofauti ya msingi. Mfalme wa majini wa Kiarabu na wa Kiswahili ana raia, ana binti, ana jirani, na anaweza kuwa na haki upande wake. Mfalme wa pepo wa Goetia ana majeshi tu. Cheo chake kimeazimwa kutoka majumba ya wafalme wa Ulaya, pamoja na masultani wadogo na makabaila wa kila daraja, lakini nchi haina watu. Huwezi kuandika hadithi juu ya ndoa ya binti wa Paimon. Juu ya binti wa Mwekundu hadithi imeandikwa, na ndiyo iliyomfikia Shaaban Robert.

Tusiache neno lenyewe. Kwa Kiarabu maimun ni mwenye baraka, mwenye bahati njema. Kwa Kiajemi neno hilo limekuwa jina la nyani, na Kiswahili cha pwani kinalijua maimuni kwa maana hiyo hiyo ya nyani na kwa maana ya mtu wa kudharauliwa. Jina la baraka limekuwa jina la mfalme wa Jumamosi, kisha la pepo wa Ulaya, kisha tusi. Lugha haitunzi heshima ya mtu.

4. Binti wa Mwekundu, binti wa Kisimani

Si jambo jipya kusema kwamba Adili na Nduguze imejengwa juu ya kisa cha Abdallah bin Fadhil na nduguze katika Alfu Lela Ulela. Wahakiki wamelisema mara nyingi na kwa kawaida wameishia hapo, kana kwamba kukitaja chanzo ni kumaliza uhakiki. Ninaloliona halijasisitizwa ni hili: katika kisa cha Kiarabu jinia aliyeokolewa na Abdallah anaitwa Saida, na baba yake ni Mfalme Mwekundu. Yaani ni al-Ahmar, mwenye Jumanne. Shaaban Robert alipomwita binti Huria na baba Kisimani, alikaa palepale palipokuwa na mmoja wa wafalme saba, akamwondolea rangi, sayari na siku.

Kisa kinajulikana. Adili anamwokoa kiumbe aliyekuwa akifukuzwa na mwingine, na kiumbe huyo ni Huria. Baadaye Hasidi na Mwivu wanamtupa ndugu yao baharini kwa husuda. Huria anamwokoa, anawageuza ndugu hao kuwa manyani, na anamwamuru Adili awapige kila usiku. Adili anawapiga huku akiumia, kisha anawalisha. Ikibali, aliyetumwa na Mfalme Rai kufuata kodi, anashuhudia jambo hilo na kulipeleka kwa mfalme wake. Rai anaandika barua kuwaombea manyani. Huria anaipeleka kwa baba yake, na Kisimani anaamua kwamba amri ya mfalme wa binadamu itiiwe.

Ufalme wa Kisimani ni huo tu. Hana kiti kilichoelezwa, hana jeshi, hana sura ya kutisha. Anaonekana ili atoe ushauri wa kisheria kwa bintiye, kisha anaondoka. Miongozo ya wanafunzi humpa mstari mmoja au miwili: mfalme wa majini, mwenye busara. Ni kweli, lakini inapita juu ya jambo lililo mbele ya macho. Katika riwaya yenye adhabu ya kikatili inayorudiwa kila usiku bila kikomo, mfalme wa majini ndiye anayekubali kwamba adhabu iwe na mwisho. Rai anaomba, Adili anavumilia, Huria anashikilia hukumu yake. Anayeweza kusema "basi" kwa mamlaka ni Kisimani, na anasema.

Katika kisa cha Kiarabu, Mfalme Mwekundu anakubali kwa sababu ya ucha Mungu wa Khalifa Harun al-Rashid, ambaye sala yake inaweza kuwakusanya majini wote mbele yake. Shaaban Robert amewaondoa Harun, Baghdad na nguvu ile ya sala. Kinachobaki ni cheo cha binadamu na wajibu wa mtawala mmoja kwa mwingine. Mwaka 1952, katika Tanganyika iliyotawaliwa kwa udhamini na watu wa mbali, mwandishi aliyekuwa mtumishi wa serikali alimwonyesha msomaji wafalme wawili wa umma mbili tofauti wakiandikiana barua, mwenye nguvu zaidi kwa mwili akikubali kufungwa na hoja. Sitaki kusema kwamba hii ni fumbo la siasa ya wakati huo. Lakini anayesoma Kusadikika akaiita riwaya ya siasa, kisha akasoma Adili na Nduguze akaiita ngano ya watoto, anapaswa kutueleza kwa nini.

Badiliko lingine ni la wanyama. Katika kisa cha Kiarabu ndugu hugeuzwa mbwa. Shaaban Robert amewageuza manyani. Sababu moja ni rahisi: nyumba ya Mswahili mwenye heshima haitalisha mbwa wawili chumbani kila usiku bila hadithi kuelemewa na suala la najisi. Sababu ya pili ni kwamba kugeuzwa nyani kwa kosa kuna mfano katika Qur'ani, katika habari ya wale walioivunja Sabato. Nyani anakumbuka kuwa alikuwa mtu, na ndiyo adhabu yenyewe. Mtu angependa kuongeza kwamba maimuni ni nyani na Maimun ni mfalme wa majini, hivyo mwandishi alificha jina la mfalme mmoja ndani ya sura ya wafungwa wa mwingine. Ingependeza. Lakini Shaaban Robert ameandika manyani, hakuandika maimuni, na mhakiki hana haki ya kumkopesha mwandishi neno asilolitumia.

Badiliko la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Katika kisa cha Kiarabu ndugu wakisamehewa wanarudia uovu, wanajaribu kumuua Abdallah, nao wanauawa. Katika riwaya Hasidi na Mwivu wanatubu na kurudi kuwa watu. Msamaha wa Kisimani unazaa matunda. Hapo mwandishi amempa mfalme wa majini heshima ambayo hata Alfu Lela Ulela haikumpa, kwa kuwa hukumu yake imethibitishwa kuwa njema.

Nina lawama pia. Kwa kumvua Kisimani rangi na siku, Shaaban Robert alimvua na uzito. Mwekundu wa Alfu Lela Ulela anatisha kabla hajasema neno, hivyo anapotii utii wake una thamani. Kisimani hatishi kamwe. Jina lake lenyewe, lenye kisima ndani yake na linalomkumbusha msomaji magofu ya Kisimani Mafia, lina kina ambacho mwandishi hakukichimba. Tulihitaji ukurasa mmoja wa nchi yake: nani anamsujudia, nani anamnung'unikia, ni nini alichopoteza kwa kumtii Rai. Tumepewa uamuzi bila gharama yake. Ebrahim Hussein, katika Mashetani (1971), alilielewa hili vizuri zaidi. Juma anapomwigiza Shetani mbele ya Kitaru anayemwigiza Binadamu, mamlaka yanaonekana kuwa na uchungu kwa pande zote mbili, na mchezo huo wa vijana unawarudia na kuwadai. Lakini Hussein alitaka shetani, naye Shaaban Robert alitaka mfalme. Haya ni maswali mawili, na ni kosa kuyajibu kwa neno moja.

5. Pepo, jini na dayimooni: suala la sera

Nimefika kwenye sehemu inayowahusu washauri wa sera waliomo ukumbini. Baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha mwezi Julai 2022 hatua za kukifanya Kiswahili lugha rasmi inayofundishwa kwa lazima, baada ya marekebisho ya katiba ya 2005 kukitambua kama lugha rasmi ya pili. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 ulikwisha kukiweka kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Vitabu vitahitajika, na vingi vitatoka Tanzania na Kenya, vikiwa na majini ndani yake.

Upinzani dhidi ya Kiswahili katika Buganda una historia ndefu. Kabaka Daudi Chwa aliandika dhidi yake mwaka 1929, na tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikukisaidia mbele ya watu waliokisikia vinywani mwa askari. Kwa mzazi wa leo wa Kampala, hofu ya askari imepungua. Hofu ya majini ipo, nami nimekwisha kurudishiwa nakala ya riwaya na mzazi aliyeniambia kwamba hatalipa karo ili mtoto afundishwe mashetani. Alikuwa mtu mwenye heshima na alizungumza kwa upole. Tatizo lake lilikuwa la kifasiri.

Tuone lilivyoundwa. Wafasiri wa Biblia ya Kiganda walitumia neno la mkopo, dayimooni, kwa yule anayetolewa na Yesu. Neno hilo halikuwa na ngoma, halikuwa na mganga wala ukoo. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walitumia pepo, na Beelzebuli akawa mkuu wa pepo. Pepo lilikuwa neno lenye maisha yake tayari: lenye kiti, fundi, ubani na nyimbo. Ni neno linalofanana kwa sauti na mahali wema wanapokwenda. Mwanafunzi wa Kampala anayeiona kwa mara ya kwanza tamthilia ya Topan, Aliyeonja Pepo (1973), anaweza kabisa kudhani ni kisa cha mtu aliyepandwa. Basi msomaji wa Uganda anakutana na pepo kupitia Biblia, na jini kupitia mahubiri. Mfalme wa viumbe hao anamjua kupitia filamu za kutisha za Marekani, anazozitazama katika vibanda vya video zikiwa zimefasiriwa kwa Kiganda na wale waitwao VJ, ambao kazi yao haina nafasi ya kutofautisha jini na shetani wakati kichwa cha mtu kinakatika kwenye skrini. Anapofungua Adili na Nduguze, Kisimani anamkuta ameshavikwa taji la Paimon.

Ninayoyapendekeza ni machache. Wahariri wa matoleo ya shule yanayokusudiwa Uganda wasiliondoe jini wala kulibadilisha kuwa pepo mchafu au shetani, kama ilivyokwisha kupendekezwa katika mazungumzo niliyoyasikia mwenyewe. Kumwondoa Kisimani kutaifanya adhabu ya Hasidi na Mwivu isiwe na wa kuifuta, na Mfalme Rai atabaki akimwandikia barua hewa. Badala yake waweke maelezo mafupi kabla ya matini, kwa Kiswahili chepesi, yanayosema majini ni akina nani katika mapokeo ya pwani, kwamba wapo wema na waovu miongoni mwao, na kwamba mwandishi ameyatumia kama alivyotumia jina la Ughaibuni. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, inapoandaa istilahi za fasihi kwa nchi wanachama, itenge maneno matatu: jini kwa kiumbe wa mapokeo ya Kiislamu na ya ngano, pepo kwa kiumbe wa ngoma na uganga, na shetani kwa adui wa dini. Kwa wafalme wa vitabu vya Ulaya napendekeza mfalme wa mashetani, kwa sababu ndivyo vitabu hivyo vinavyowaona. Neno mfalme wa majini liachwe kwa wenyewe.

Ninajua ugumu wa pendekezo hilo la mwisho. Wazungumzaji wa pwani wenyewe huchanganya shetani na pepo bila haya, na mtu anayesema "ana mashetani" huenda anazungumzia wageni wa bibi yake waliokaa nyumbani miaka 40 bila kumdhuru mtu. Istilahi haitaizuia kauli hiyo, wala haipaswi. Inachoweza kufanya ni kumpa mwalimu wa Old Kampala neno la kushika anapoulizwa swali kama lile nililoulizwa. Mwanafunzi yule, kwa taarifa, alimaliza riwaya. Katika insha yake aliandika kwamba Kisimani alikosea, kwa kuwa Hasidi na Mwivu walistahili kubaki manyani mwaka mmoja zaidi. Nilimpa alama nzuri, nikamwandikia pembeni aeleze ni nani angehesabu mwaka huo.